Njia ya Mkojo Imefunguliwa, Mbona Bado Nabanwa?

Ami yangu anaishi Likoni, Mombasa, na duka lake la vitambaa liko Mwembe Tayari. Kwa miaka mitatu kabla ya operesheni, safari yake ya asubuhi ilipangwa kwa vyoo: cha nyumbani dakika ya mwisho kabla ya kutoka, cha msikiti ulio karibu na kivuko, kisha kingine akishavuka. Feri ikikawia majini, jasho lilimtoka hata siku za kusi. Hatimaye alikubali kukwanguliwa tezi dume. Wiki ya sita baada ya operesheni akanipigia simu.

"Mwanangu, nimekatwa bure. Mkojo unatoka kwa kasi kama wa kijana, lakini ukinibana siwahi hata kuinuka kitini. Na bado unachoma."

Kulikuwa na karatasi pia. Nyama zilizokwanguliwa zilipelekwa maabara, na majibu yalikuja kwa Kiingereza. Binamu yangu aliwasomea watu wa nyumbani, na kwa kuwa hakupata maneno mengine, akatafsiri hivi: "uvimbe sugu". Ami akasikia saratani. Mkewe akasikia ugonjwa usiopona. Nyumba ile haikupata usingizi siku mbili.

Kazi yangu ni ya maabara, na karatasi kama hizo zimepita mikononi mwangu kwa miaka mingi. Naandika kwa sababu nawajua wazee wengi wa mji huu wenye swali lile lile la ami, na wengi wao hulijibu kwa kwenda kemisti kununua antibaiotiki.

Tuanze na neno "uvimbe", maana ndilo lililoiponza nyumba ile. Kwa Kiswahili cha kila siku tunalitumia kwa mambo matatu ambayo daktari huyatenganisha kabisa. Tezi dume ikikua kwa sababu ya umri, twasema ina uvimbe. Saratani nayo twaiita uvimbe. Na mwili unapopeleka damu na chembe nyeupe mahali palipoumia, pakawa pekundu, pakapata joto na kuuma, hapo pia twasema pamevimba. Hili la tatu ndilo linaloitwa inflamesheni. Ukichomwa na mwiba wa samaki leo, kesho kidole kinakuwa chekundu na kinapwita. Hiyo ni inflamesheni. Vijidudu vinaweza kuwa vimeingia, na vinaweza kuwa havimo kabisa. Mwili hufanya kazi ile ile ya kujitetea na kujitengeneza.

"Sugu" nalo lina kasoro yake. Mitaani, kitu sugu ni kile kilichoshindikana. Kwenye karatasi ya maabara, neno la Kiingereza tunalolitafsiri hivyo linaeleza aina ya chembe zilizoonekana chini ya darubini: limfosaiti na jamaa zake, ambazo hujaa pale mwili umekuwa ukijibu jambo kwa muda mrefu. Halisemi chochote kuhusu kupona au kutopona.

Jambo hili ni la kawaida kiasi gani? Katika utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao REDUCE, uliowachunguza wanaume zaidi ya 8,000 kwa kuwatoa vipande vidogo vya tezi, zaidi ya robo tatu walikuwa na inflamesheni ya muda mrefu. Mwaka 1995 Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani ziliyapanga matatizo ya inflamesheni ya tezi dume katika makundi manne. La kwanza ni maambukizi ya ghafla yenye homa kali. La pili ni maambukizi yanayorudi rudi. La tatu ni maumivu ya nyonga na msamba ya muda mrefu, ambayo mara nyingi hayana kijidudu chochote. La nne ni inflamesheni inayoonekana kwenye darubini tu, mwenyewe hana habari nayo. Majibu ya ami, bila homa wala maumivu ya msamba, yalikuwa ya kundi hili la nne, ambalo kwa kawaida halitibiwi. Lau karatasi ile ingekuwa na saratani, ingeitaja kwa jina lake. Maabara haifichi habari kama hiyo nyuma ya neno jingine.

Basi kwa nini mkojo unachoma?

Tezi dume ya kijana ina uzito wa takriban gramu 20. Imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake kama uzi ndani ya ushanga. Umri ukisonga, nyama ya ndani, ile inayouzunguka mrija, ndiyo inayokua na kuubana. Kufikia miaka 60, takriban nusu ya wanaume wana dalili za ukuaji huo ukiangalia kwa darubini. Katika operesheni inayofanywa sana, ambayo hospitalini huitwa TURP, daktari hapasui tumbo. Anapitisha chombo chembamba chenye kamera kwenye uume na kukwangua nyama ya ndani kwa waya wa umeme. Mfikirie mtu aliyekalia mbuzi anakuna nazi: nyama inatoka, kifuu kinabaki. Tezi dume haiondolewi yote. Gamba la nje linabaki, na ndani ya gamba hilo kunabaki kidonda kibichi kisicho na ngozi. Wenye tezi kubwa sana wengine hupasuliwa tumbo, na siku hizi pia kuna mashine za leza, lakini mwisho wa yote ni ule ule: kifuu na kidonda.

Kidonda hicho hakifungwi bandeji. Mkojo, wenye chumvi na takataka za mwili, unakipitia mara saba au nane kwa siku. Ngozi mpya ya ndani huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kukifunika. Katika muda huo kuchomwa wakati wa kukojoa, kubanwa mara kwa mara na kuona wekundu kidogo kwenye mkojo ni mambo yanayotarajiwa. Kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne, kigaga cha kidonda hubanduka na damu inaweza kurudi kwa siku moja mbili, hata kwa mtu aliyekuwa ameshaona mkojo mweupe. Anayebeba gunia, anayejikamua chooni kwa sababu ya choo kigumu, au anayerudi kwenye bodaboda mapema, huiona damu hiyo zaidi. Ndiyo maana madaktari husema usinyanyue kitu kizito kwa wiki nne hadi sita. Si maneno ya kumtuliza mgonjwa.

Joto la Mombasa halisaidii. Mtu anayetoka jasho kutwa, na anayeogopa kunywa maji ili asibanwe, hutoa mkojo mzito wa rangi ya chai, na mkojo huo huchoma kidonda kuliko mweupe. Kama daktari hajakupunguzia maji kwa sababu ya moyo au figo, lita mbili hivi kwa siku zinatosha, nyingi kati yake kabla ya jioni.

Hapa nafika kwenye jambo linaloniuma kazini. Mzee analalamika mkojo unachoma. Anapimwa kwa kile kijiti cha rangi, kinaonyesha chembe nyeupe, anaambiwa ana maambukizi na kupewa dawa. Wiki mbili baadaye, hali ile ile, dawa nyingine kali zaidi. Lakini chembe nyeupe ni askari wa inflamesheni, na kidonda kinachopona kimejaa askari. Zinaweza kuonekana kwenye mkojo kwa miezi kadhaa baada ya operesheni bila kijidudu hata kimoja. Kijiti hakiwezi kutofautisha askari waliokuja kupigana na askari waliokuja kujenga. Kinachotofautisha ni kuotesha mkojo maabara: tunauweka kwenye chakula cha vijidudu, tunasubiri siku mbili au tatu, kikiota kitu tunakijua jina na tunajua dawa gani inakiua.

Kipimo hicho kina adabu yake. Mkojo utolewe kabla ya kumeza dawa hata kidonge kimoja. Mwenyewe anawe, aache mkojo wa mwanzo umwagike, akinge wa katikati kwenye chupa safi ya maabara, aufikishe ndani ya saa mbili au uwekwe kwenye friji. Chupa ya soda iliyosuuzwa itaotesha vijidudu vya soda. Antibaiotiki zinazonunuliwa bila kuotesha huviacha vijidudu vinavyozoea, na maambukizi ya kweli yakija, dawa ya kumeza inakuwa haina nguvu tena na mzee analazwa kuchomwa sindano. Nimeona majibu ya namna hiyo, yenye orodha ndefu ya dawa zilizoshindwa, zaidi ya nilivyotamani kuona.

Sasa lile la pili: siwahi kuinuka kitini. Hili mara nyingi halitoki kwenye tezi wala kwenye kidonda. Linatoka kwenye kibofu.

Mtazame hamali wa soko la Marikiti anayesukuma mkokoteni uliojaa viazi. Baada ya miaka kadhaa mikono yake inakuwa minene na migumu. Kibofu nacho ni msuli. Tezi inapoziba njia, kibofu husukuma kwa nguvu zaidi kila mara. Ukuta wake unanenepa, nyuzi ngumu zinaingia katikati ya nyama, na mishipa yake ya fahamu inabadilika, inaanza kupiga kelele mkojo ukiwa kidogo tu. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500. Kibofu cha namna hii hudai choo kwa mililita 100 au 150, tena ghafla. Operesheni inaondoa mzigo ndani ya saa moja. Mazoea ya miaka kumi hayaondoki siku hiyo. Wengi hutulia taratibu katika miezi mitatu hadi sita, wengine mwaka. Wako ambao hawatulii kabisa, hasa waliochelewa sana kabla ya kukubali operesheni, wenye kisukari cha miaka mingi, waliopata kiharusi au wenye ugonjwa wa Parkinson.

Kwa hiyo ami alikuwa akinieleza mafanikio na malalamiko katika sentensi moja bila kujua. Mkojo wenye kasi maana yake njia imefunguka. Kubanwa ghafla maana yake kibofu hakijapata habari.

Kibofu kinaweza kufundishwa. Ukibanwa, usikimbie, simama au kaa, kaza ile misuli unayoikaza ukizuia upepo usitoke, hesabu mpaka wimbi lipungue, ndipo uende kwa hatua za kawaida. Msuli huo huo ukikazwa na kulegezwa mara kadhaa kila siku husaidia pia wanaovuja wakikohoa au kuinuka. Zipo dawa za kutuliza kibofu, kama solifenacin au mirabegron, ila daktari hupima kwanza kama kibofu kinamwaga mkojo wote. Dawa za kundi la solifenacin hukausha mdomo, hufunga choo, na zinaweza kumchanganya akili mzee wa umri mkubwa. Mirabegron yaweza kupandisha presha.

Upande wa pili wa hamali ni yule aliyechoka. Kuna vibofu vilivyosukuma mpaka vikalegea. Njia inafunguliwa, lakini msuli hauna nguvu, mkojo unatoka kidogo kidogo na mwingi unabaki ndani. Mkondo wa mtu huyu ni dhaifu tangu siku mpira wa kutolea mkojo, ule anaowekewa wakati wa operesheni, ulipotolewa. Mwingine mkondo ulikuwa mzuri miezi miwili mitatu, kisha ukaanza kuwa mwembamba, ukapasuka pande mbili au kujipinda. Huyu wa mwisho asingoje kabisa: huenda kovu limeubana mrija au shingo ya kibofu, jambo linaloweza kutokea katika mwaka wa kwanza au wa pili baada ya operesheni. Ni wagonjwa wawili wenye lalamiko moja, na kinachowatenganisha ni tarehe. Ndiyo maana nawaomba watu waandike: lini mpira ulitolewa, lini mambo yalikuwa mazuri, lini yakaharibika. Kwa kumbukumbu hizo, pamoja na skani ya kuona mkojo unaobaki na kipimo cha kasi ya mkondo, daktari wa mfumo wa mkojo huwa ameshafika nusu ya jibu.

Na sisi wa Pwani tuna swali ambalo daktari aliyesomea mbali anaweza kusahau kuliuliza: ulikulia wapi? Wanaume wengi wa Mombasa walikulia Kwale, Kilifi au kando ya mto Tana, wakaogelea kwenye mabwawa na vijito. Kichocho cha mkojo kimekuwa huko vizazi na vizazi. Mayai ya mdudu wake hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuleta inflamesheni inayodumu miaka, mkojo wa damu, kubanwa mara kwa mara, na kwa baadhi ya watu saratani ya kibofu. Mzee wa namna hiyo anaweza kuwa na tezi iliyokua na kichocho cha zamani kwa pamoja. Tezi ikikwanguliwa, kibofu kinabaki na jeraha lake. Kifua kikuu cha figo na kibofu pia hufanana na haya: chembe nyeupe tele, vijidudu vya kawaida havioti hata kimoja. Mkojo unaoendelea kuwa hivyo baada ya miezi mitatu unastahili kutafutwa mayai ya kichocho na TB, kabla ya mtu kuandikiwa dozi ya tano ya antibaiotiki.

Yako pia ya barazani. Kahawa chungu baada ya Isha, kikombe kwa kikombe pamoja na haluwa, huchokoza kibofu na kuongeza mkojo wa usiku. Miraa na muguka ni mmea mmoja, na utafiti uliochapishwa 1995 uliwapima wanaume wenye afya wakaonekana mkondo wao unapungua kasi baada ya kutafuna, kwa sababu kemikali yake hukaza shingo ya kibofu. Baadhi ya dawa za mafua zinazofungua pua hufanya vivyo hivyo. Na kuamka usiku si lazima kutoke kwenye kibofu hata kidogo: anayeshinda dukani miguu chini huvimba vifundo, na akilala maji yale hurudi kwenye damu na kuwa mkojo. Kuinua miguu kwa muda wa saa moja alasiri, au kumwomba daktari abadilishe saa ya kidonge cha presha kinachotoa maji, kunaweza kumpa usingizi kuliko dawa ya kibofu.

Wengine huumia zaidi kwa ajili ya ibada. Mkojo ukidondoka baada ya kustanji, mtu hujiona hana udhu, huacha sala ya jamaa, hujifungia. Matone yanayotoka dakika moja baada ya kukojoa ni mabaki yaliyokaa kwenye mrija. Ukikandamiza taratibu nyuma ya korodani ukielekea mbele, hutoka yote chooni. Anayevuja muda wote ni mwenye udhuru, na fiqhi ya Shafi, inayofuatwa na wengi hapa, ina mlango wake: hujisafisha, hujiziba, hutia udhu baada ya wakati kuingia, husali. Amuulize sheikh wake bila haya. Haya imewanyima wazee wetu usingizi na sala pia.

Naeleza moja ambalo mara nyingi halielezwi kabla ya operesheni: baada ya TURP, wengi wa wanaume manii yao hayatoki nje tena wakati wa tendo la ndoa, hurudi kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Raha inabaki, haina madhara kwa mwili, lakini anayetaka mtoto aambiwe mapema.

Na kwa kuwa kifuu kimebaki, saratani inaweza kuota humo miaka ya baadaye. Kipimo cha damu cha PSA, kinachotumika kuichunguza tezi dume, hushuka baada ya operesheni, lakini kidonda na inflamesheni hukipandisha kwa muda. Kupima wiki ya tatu ni kujitafutia hofu. Wengi husubiri angalau miezi mitatu, kisha nambari hiyo mpya ndiyo inayokuwa msingi wa kulinganisha.

Yasiyongoja ni haya: homa ya kutetemeka, kushindwa kukojoa kabisa huku tumbo la chini likijaa, mabonge ya damu, korodani iliyovimba na kuuma. Hayo ni ya hospitali usiku huo huo, hata kama feri imejaa.

Ami alioteshwa mkojo. Haukuota kitu. Daktari alimpa dawa ya kibofu ya wiki nane, akamwambia anunue daftari na kikombe cha kupimia, aandike kila mkojo kwa siku tatu. Daftari ndilo lililoonyesha kwamba usiku mmoja alikojoa karibu nusu ya mkojo wa siku nzima, na usiku huo ulikuwa wa kahawa. Kuna hojaji ya maswali saba ambayo madaktari duniani hutumia tangu miaka ya tisini, yenye alama kuanzia sifuri hadi 35, na mwishoni swali la nane peke yake: kama ungeishi maisha yako yote yaliyobaki na mkojo wako ulivyo sasa, ungejisikiaje? Sifuri ni furaha, sita ni balaa. Kabla ya operesheni ami alijibu sita. Wiki ile ya simu alijibu tano, kwa hasira. Mwezi wa tano baada ya operesheni alilifikiria kidogo, akasema anaamka mara moja tu usiku, karibu na Alfajiri, na kwamba saa hiyo alikuwa akiamka hata alipokuwa kijana. Akaandika moja.